Nguo ya usaili: kuanzia siku saba kabla hadi unapoketi mbele ya jopo

Watu wengi hujaribu nguo ya usaili wakiwa wamesimama mbele ya kioo, na usaili wenyewe hufanyika ukiwa umekaa. Hapo ndipo shati linapoachia mwanya kati ya kifungo na kifungo, sketi iliyofika gotini inapopanda hadi katikati ya paja, suruali inapovutika na kuacha ngozi wazi juu ya soksi fupi, na koti linapopanda mabegani hadi kuzika shingo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hiki: vaa kila kitu, viatu pia, kaa kwenye kiti kigumu dakika 10, inama mbele kama unayemkabidhi mtu cheti juu ya meza, kisha mwambie ndugu yako akupige picha ya mbele na ya ubavuni. Nguo isiyopita hapo usiivae, hata kama ni ya gharama.

Mwongozo huu ni wa mtafuta kazi wa Tanzania anayepanda daladala, ananunua mtumba, anamtegemea fundi wa mtaani na anajua kwamba umeme unaweza kukatika usiku wa kuamkia usaili. Ndiyo maana maandalizi yanaanza siku saba kabla.

Siku saba kabla: jua unakwenda kwa nani

Soma tangazo la kuitwa kwa makini. Kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira zina hatua: usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, kisha kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo, halafu usaili wa mahojiano. Mavazi ya hatua hizi hayafanani. Kwenye mchujo utakuwa na umati, foleni ndefu na kiti cha ukumbini. Shati safi la mikono mirefu, suruali ya kitambaa au sketi pana kidogo na viatu visivyobana vinatosha, na koti litakusumbua tu. Kwenye vitendo, vaa unachoweza kufanyia kazi. Suti ihifadhi kwa mahojiano. Na kumbuka utumishi wa umma una waraka wake wa mavazi wa mwaka 2007, unaotaka mavazi ya heshima kazini. Nguo ya kubana, fupi au inayoonyesha mwili itahesabika dhidi yako kabla hujajibu swali la kwanza.

Benki, bima, ofisi za mawakili na wakaguzi wa hesabu: suti nyeusi, ya bluu iliyoiva au ya kijivu kizito, shati jeupe au la bluu hafifu, tai. Hapo usijaribu ubunifu. Mashirika yasiyo ya kiserikali na miradi ya wafadhili huwa na watu wanaokwenda vijijini kila wiki, kwa hiyo suruali ya kadeti, shati la mikono mirefu lililochomekewa na moka zilizong'arishwa zinakutosha. Chukua koti, na ukiona jopo halina makoti liache kwenye kiti cha mapokezi. Kampuni za teknolojia hazidai tai, ila usidanganyike ukavaa fulana na raba kwa sababu uliwaona hivyo mtandaoni. Wao wameshaajiriwa.

Shuleni, mwalimu mtarajiwa huangaliwa kama mtu atakayesimama mbele ya watoto: gauni au sketi inayovuka goti kwa kiganja kizima, suruali isiyobana, rangi tulivu. Hotelini na hospitalini macho hushuka kwenye mikono, hivyo kucha ziwe fupi bila rangi wala kucha za bandia, nywele zifungwe, manukato yasisikike kabisa. Kiwandani, gereji au mgodini, ukiitwa kwa vitendo, tai na mikono mipana ni hatari karibu na mashine inayozunguka. Vaa shati la mikono inayofungika, suruali nzito na buti za kufunika vidole. Msimamizi wa karakana anayemwona mtu amekuja na moka laini anajua hajawahi kukanyaga sakafu yenye oili.

Kama bado una shaka, pita nje ya ofisi hiyo saa mbili kasoro asubuhi, siku ya kazi, uangalie wanavyoingia. Kisha vaa daraja moja juu ya wanavyovaa wao.

Pesa ianze na viatu

Ukiwa na fungu dogo, anza na viatu, halafu fundi, halafu shati, halafu suruali. Koti linakuja mwisho. Shati la bei ndogo lililofuliwa na kupigwa pasi vizuri halitofautishwi na la bei kubwa kutoka ng'ambo ya meza. Kiatu kilichopasuka kinaonekana tangu mlangoni.

Viatu vya mtumba vina mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Soli nyingi laini hutengenezwa kwa poliurethani, na hiyo huoza kwa unyevunyevu hata kiatu kikiwa kimekaa sandukuni bila kuvaliwa. Kwa juu kinang'aa, ngozi haina mkunjo, muuzaji anakuambia kipya. Unakivaa siku ya usaili na kabla hujafika kituoni soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba: ikibaki na alama, ikinata au ikitoa unga, rudisha. Kunja kiatu pale vidole vinapokunjika uangalie kama kuna mwanya kati ya soli na ngozi. Mwanya maana yake gundi imekufa. Hiyo inatibika. Mpe fundi viatu ashone soli kwa uzi mzunguko mzima, na umwambie asitegemee gundi peke yake. Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea, kisha vivae ndani ya nyumba saa moja kila siku hadi siku ya usaili.

Kung'arisha nako kuna utaratibu. Toa vumbi kwa brashi kavu kwanza, la sivyo unasugulia mchanga kwenye ngozi. Paka kiwi nyembamba sana kwa kitambaa, acha dakika 10 ikauke, piga brashi, kisha malizia kwa soksi kuukuu ya nailoni. Kiwi nene haing'arishi zaidi. Inapasuka kwenye mikunjo na kuchafua pindo la suruali. Mkanda ufanane na viatu kwa rangi. Soksi zifanane na suruali, na ziwe ndefu hadi nusu ya ugoko. Soksi nyeupe za michezo ndani ya suti nyeusi ndilo kosa linaloonekana haraka kuliko yote ukishakaa.

Kununua mtumba bila kujuta

Iwe ni Karume jijini Dar au Mlango Mmoja Mwanza, nenda asubuhi siku wanayofungua mabalo. Vaa fulana nyepesi na suruali laini ili uweze kujaribu koti na shati juu yake. Kwenye koti, angalia mabega kuliko kitu kingine. Mshono wa bega unapaswa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia. Fundi anaweza kupunguza kiuno, mikono na urefu, lakini bega ni kazi ya kulifumua koti zima, pamoja na bitana, na mafundi wengi hawataliweza bila kuliharibu. Koti lililokuzidi bega kwa vidole viwili si la kwako.

Inua kila kipande kwenye mwanga wa jua. Kwapani angalia duara la njano. Matakoni na mapajani angalia kama kitambaa kinang'aa, maana mng'ao huo ni nyuzi zilizolala kwa kukaliwa au kuunguzwa na pasi, na hauondoki. Kunja kola uone kama ukingo umechanika. Fungua na ufunge zipu mara tatu. Hesabu vifungo, na tafuta kile cha akiba ndani ya upande wa kushoto, karibu na chini.

Nyumbani, shati la mtumba liloweke nusu saa kwenye ndoo ya lita 10 yenye nusu kikombe cha siki, ndipo ulifue kwa sabuni. Hiyo inapunguza ile harufu ya balo. Nguo nyeusi ijaribu kwanza: lowesha pembe ya kitambaa cheupe, sugua sehemu isiyoonekana, kitambaa kikichukua rangi, ifue peke yake kwa maji baridi na uianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje. Suti yenye bitana usiifue kwa mkono. Maji yanaondoa ile karatasi ngumu iliyogandishwa ndani ya kifua cha koti, linabaki na mabonge kama uso wenye chunusi. Peleka kwa dobi anayesafisha kwa dawa bila maji, au kama hakuna uwezo, pangusa madoa kwa kitambaa chenye unyevu na ulitundike koti kwenye upepo siku nzima.

Kwa fundi: siku tano kabla

Nenda na viatu utakavyovaa, kwa sababu urefu wa suruali hupimwa juu ya kiatu. Pindo la mbele liguse kiatu na kujikunja mara moja tu, kidogo. Mikono ya koti iishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, na shati lichungulie kwa sentimita 1 hivi. Kola ya shati iliyofungwa kifungo cha juu iruhusu vidole viwili kupita. Kikipita kimoja kwa shida utazungumza kwa kukabwa, na vikipita vinne tai itaikunja kola.

Mwambie fundi asikate kitambaa cha ziada, akiache ndani ya pindo angalau sentimita 3. Mwambie pia akushonee upya kila kifungo, hata vile vinavyoonekana imara. Na umpe tarehe ambayo si ya kweli: kama usaili ni Ijumaa, mwambie ni Jumatano. Mafundi wetu ni hodari, lakini kila mtaa una mtu aliyekwenda usaili na suruali yenye pini.

Koti jipya la dukani lina mambo mawili ya kutoa, na huu ndio ukweli ambao watu wanaogopa kuambiana. Lebo iliyoshonwa juu ya mkono karibu na vifungo inatolewa. Iliwekwa kwa ajili ya dukani. Na ule mshono wa alama ya X kwenye mpasuo wa nyuma unakatwa. Tumia wembe, ukate nyuzi tu, taratibu.

Sketi, gauni, hijabu, kitenge

Sketi ipimwe kwa kukaa: ikivuka goti kwa sentimita 5 ukiwa umesimama, ukikaa itafika kwenye goti lenyewe. Mpasuo wa nyuma uwe wa kutembelea tu. Kitambaa chepesi kinahitaji shumizi, na njia ya kujua ni kusimama mlangoni jua likiwa nyuma yako na kumwomba mtu akuangalie. Chini ya blauzi nyeupe, sidiria ya rangi ya ngozi yako huonekana kidogo kuliko nyeupe. Kisigino cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha. Kisigino chembamba huzama kwenye mchanga wa njiani na hugonga sakafu ya vigae kwa kelele.

Kwa anayevaa hijabu, chagua mtandio wa pamba au kitambaa kisichoteleza, rangi moja, juu ya ushungi wa ndani, na ubanwe kwa pini mbili upande usio wa mkono unaoandikia. Baibui jeusi safi, lililonyooshwa, lisiloburura chini, ni vazi kamili la usaili. Linaloburura litaokota vumbi la kituo kizima. Kitenge kinafaa ofisi nyingi kikiwa kimeshonwa kwa mtindo mtulivu, au kama blauzi moja na sketi nyeusi. Mitindo ya harusini, yenye mabega yaliyovimba, iache kwa harusi.

Bangili zinazogonga meza ziondoe. Hereni ndogo, saa moja, basi.

Shati, kwapa na joto la Dar

Desemba hadi Februari pwani, shati la poliesta tupu litakuaibisha: halinyonyi jasho, linalibakiza kwenye ngozi na harufu inatoka haraka. Tafuta pamba, au tetroni yenye pamba nyingi kama unaogopa mikunjo. Vaa singlendi ya pamba ndani. Ndiyo inayopokea jasho badala ya shati. Bluu ya katikati na kijivu huonyesha jasho kuliko rangi nyingine, nyeupe na bluu iliyoiva huficha.

Madoa ya njano ya kwapa hutokana na jasho kuchanganyika na chumvi za alumini zilizo kwenye dawa za kuzuia jasho. Kuyamwagia jiki huyazidishia unjano. Changanya vijiko vitatu vya bekingi soda na kijiko kimoja cha maji, paka upande wa ndani, acha nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani na ufue. Siku ya usaili, dawa ya kwapa ipakwe kwenye ngozi iliyokauka kabisa, na usubiri dakika 5 kabla ya kuvaa.

Pasi: siku mbili kabla

Usisubiri usiku wa mwisho. Nyoosha siku mbili kabla, tundika kwenye henga, funika kwa khanga safi.

Nyunyizia shati maji, likunje, liache dakika 10 unyevu usambae. Anza na kola upande wa chini, ukitoka ncha kwenda katikati. Ukitoka katikati kwenda ncha unasukuma mikunjo ikajikusanye pale pale inapoonekana. Kisha mabega, mwisho wa mikono penye vifungo, mikono yenyewe, mbele, na mgongo mwisho. Suruali nyeusi usiiguse kwa pasi moja kwa moja. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati, la sivyo italeta ule mng'ao usiotoka.

Ukitumia pasi ya mkaa, mkaa ushike moto hadi usitoe moshi, kisha ipunge pasi nje ili majivu yatoke kabla hujasogelea nguo nyeupe. Futa uso wake kwa kitambaa kinyevu na uijaribu kwenye kanga kuukuu. Dondosha tone la maji juu ya chuma: likichachatika na kuruka, moto unafaa pamba tu, likikauka taratibu bila kelele, unaweza kunyoosha tetroni na poliesta.

Tai na koti

Fundo jepesi linatosha. Tai ining'inie shingoni, upande mpana ukiwa chini zaidi ya mwembamba kwa sentimita 30 hivi. Pitisha mpana juu ya mwembamba, uzungushe nyuma, upitishe tena mbele, upandishe kutoka chini kupitia shingoni, kisha ushushe ndani ya kitanzi cha mbele na ukaze. Ncha iishie kwenye bakoli ya mkanda. Ikiishia tumboni au ikivuka zipu, fungua urudie ukibadilisha ule urefu wa mwanzo. Fanya mazoezi mara kumi; tai iliyofungwa na rafiki wiki iliyopita na kuvutwa kama kamba huonekana.

Koti la vifungo viwili hufungwa cha juu pekee. Ukikaa, kifungue, ukisimama, kifunge.

Njiani

Kwa anayesafiri mkoa, mfano kutoka Mwanza kwenda usaili Dodoma, msailiwa hujigharamia nauli na malazi, na wengi hubana matumizi kwa kushuka basi na kwenda moja kwa moja ukumbini na nguo walizolalia. Kama kuna shilingi moja ya kuokoa, usiiokolee hapo. Geuza koti ndani nje, bega moja liingie ndani ya lingine, likunje mara moja juu ya taulo na uliweke juu kabisa ya begi. Shati lisafiri limefungwa vifungo vyote. Ulizia pasi kabla ya kulipia chumba. Ikikosekana, tundika shati bafuni wakati unaoga maji ya moto, kisha linyooshe kwa viganja likiwa na mvuke. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma zina baridi na upepo wenye vumbi, hivyo sweta jepesi chini ya koti si la ziada.

Mjini, panda daladala au mwendokasi bila koti na bila tai. Bodaboda huweka vumbi kwenye viatu na kofia yake huvuruga nywele na mtandio. Ukilazimika, ipande umbali mfupi wa mwisho na uvae koti la mvua juu. Wakati wa masika beba viatu kwenye mfuko, tembea na kandambili, ubadilishe jirani na jengo. Mkobani weka leso mbili, kitambaa cha viatu, sindano yenye uzi wa rangi ya shati, pini mbili, soksi za akiba na vyeti kwenye faili gumu, ili usibebe bahasha iliyolowa jasho la kiganja.

Fika dakika 40 kabla. Kumi za kwanza simama kivulini, jasho likauke. Ukivaa koti ukiwa na joto utaloa ndani na halitakauka tena. Kisha osha mikono na uso, futa viatu, funga tai, vaa koti. Toa simu, funguo na chenji mfukoni viingie mkobani, kwa sababu mfuko uliovimba huvuta koti upande mmoja. Kagua zipu, kola ya nyuma, na meno.

Ukirudi nyumbani, usilirushe koti kitandani. Litundike kwenye henga pana nje ya kabati hadi kesho yake, lipigwe brashi, viatu vijazwe magazeti vikauke. Shati lifuliwe siku hiyo hiyo kabla jasho halijakaa. Andika pembeni ulivaa shati gani na tai gani: ukiitwa hatua ya pili baada ya siku chache, suti itakuwa ile ile, lakini shati libadilike.